Robert Koch: Kutoka Amani hadi Sese, safari ya bingwa aliyeshindwa na ubongo

JINA la Robert Koch hutajwa katika kila darasa la udaktari duniani. Ndiye aliyewatambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na ndiye aliyeufundisha ulimwengu namna ya kuthibitisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba bingwa huyo alipita katika bandari ya Tanga, akapanda milima ya Usambara Mashariki na kufanya utafiti Amani, mahali ambapo leo ni sehemu ya wilaya ya Muheza.

Utafiti huo ulimwingiza katika pambano kubwa la mwisho la maisha yake, pambano dhidi ya malale. Ugonjwa huu huvuruga kwanza usingizi wa binadamu, kisha akili yake, na mwisho humuua. Kwa ugonjwa huo Koch alipata sifa, na kwa ugonjwa huo huo alibeba lawama ambazo hazijafutika hadi leo. Alikuwa hodari wa kusoma damu. Malale ilikuwa imejificha mahali ambapo hadubini yake haikuweza kufika kwa mgonjwa aliye hai, yaani ndani ya ubongo.

Mtoto aliyejifunza kusoma kwa magazeti

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa machimbo ya madini, na nyumba ilijaa watoto. Inaelezwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano tu aliwashangaza wazazi wake alipowaonyesha kuwa amejifunza kusoma mwenyewe, kwa kutumia magazeti.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Huko alifundishwa na Jacob Henle, mwanazuoni aliyekuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Utafiti wa kwanza uliompatia kijana Koch tuzo, mwaka 1865, haukuhusu bakteria wala vimelea bali seli za neva. Mwaka uliofuata alihitimu udaktari, na kwa muda mrefu hakurudi tena kwenye somo la neva.

Baada ya kutumikia jeshi katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa mwaka 1870, alipelekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa uko Poland. Hakuwa na maabara ya chuo wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini nyumbani na ng'ombe wa wakulima waliokuwa wakifa kwa kimeta. Mwaka 1876 alionyesha hatua kwa hatua jinsi bakteria wa kimeta wanavyoishi, wanavyojificha katika udongo na wanavyorudi kuua tena. Daktari wa kijijini akawa mtu wa kusikilizwa, na mwaka 1880 aliitwa Berlin.

Machi 24, 1882 alitangaza kwamba amewatambua bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi mno Ulaya. Mwaka 1883 alikwenda Misri na kisha India kutafuta chanzo cha kipindupindu, akakipata. Mwaka 1890, akiwa katika kilele cha umaarufu, alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini. Hakueleza imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa kutoka nchi mbalimbali walikimbilia Berlin, lakini dawa haikuponya, na baadhi yao walifariki dunia. Tuberkulini imebaki kuwa kipimo cha kuwatambua walioambukizwa, si tiba. Huo ulikuwa mfano wa kwanza mkubwa wa Koch kutangaza ushindi kabla ya vita kwisha.

Funzo la Washambaa

Koch alifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea India alikokuwa akichunguza tauni. Serikali ya Ujerumani, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika wakati huo, ilimtaka achunguze magonjwa ya watu na mifugo katika koloni hilo. Aliweka kituo chake Dar es Salaam na kutumia muda mwingi kuchunguza malaria.

Katika ziara hiyo, iliyoendelea hadi mwaka 1898, alipanda pia milima ya Usambara. Aliona kuwa wenyeji waliokaa milimani hawakuwa wakiugua homa, lakini walioshuka tambarare kuelekea pwani walirudi wakiwa wagonjwa. Walipoulizwa, Washambaa walisema kwamba huko chini kuna wadudu wanaowauma, na kwamba homa inatokana na kuumwa huko. Mdudu na ugonjwa waliviita kwa jina moja, mbu. Wakati huo mabingwa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana iwapo malaria huletwa na hewa mbaya, maji au mbu. Koch aliliandika jambo hilo katika taarifa zake. Ni miongoni mwa nyakati chache ambazo alikiri kuwa wenyeji walikuwa na ujuzi ambao maabara za Ulaya zilikuwa bado zinautafuta.

Amani, papasi na mbung'o

Aliporejea mwaka 1905 alikuta mambo yamebadilika. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilikuwa imeshapita Muheza na Korogwe na kufika Mombo. Huko Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, Wajerumani walikuwa wamefungua mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo chini ya Franz Stuhlmann. Palikuwa na maabara, maktaba na bustani za miti kutoka pande nyingi za dunia, ukiwamo mti unaotoa kwinini. Katika kusini ya koloni hilo hilo, Vita vya Maji Maji vililipuka mwaka huo.

Kazi iliyomshughulisha kwanza ilikuwa homa ya papasi, iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri wa misafara. Papasi hujificha kwenye sakafu ya udongo ya vibanda na hutoka usiku kuwauma waliolala. Koch aliwakusanya kwenye njia za misafara na kuwapasua. Alionyesha kuwa vijidudu vya homa hiyo hupita hadi kwenye mayai ya papasi, hivyo vifaranga vyake huzaliwa vikiwa tayari na sumu ya kuambukiza. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi: wasilale katika vibanda vya zamani vya kupumzikia, bali wapige mahema mbali navyo.

Kutoka kwa papasi alihamia kwa mbung'o. Alichunguza matumbo yao na kuona kuwa vimelea vinavyoitwa tripanosoma vilionekana kwa maumbo mbalimbali. Akahisi kwamba mbung'o si mbebaji tu, bali vimelea hupitia hatua za kukua ndani ya mwili wake. Mwaka 1909 msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, alithibitisha hisia hiyo akiwa karibu na Ziwa Victoria.

Mwishoni mwa mwaka 1905 Koch alirudi Ulaya na kupokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Alikuwa akikaribia kutimiza umri wa miaka 62. Wengine wangestaafu. Yeye alirudi Tanga mwaka 1906 akiongoza kikosi cha Ujerumani cha kuchunguza malale, akaanzia tena Amani kabla ya kuelekea Ziwa Victoria.

Kilio cha Sese

Wakati huo malale ilikuwa ikiteketeza watu wa Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa hilo. Inakadiriwa kuwa kati ya mwaka 1900 na 1920 watu wapatao 250,000 walipoteza maisha. Mgonjwa huanza kwa homa za vipindi, kichwa kuuma na tezi za shingoni kuvimba. Baadaye vimelea huvuka kutoka kwenye damu na kuingia kwenye ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana akiwa anakula au anazungumza, na usiku hukesha. Tabia hubadilika, maneno hupotea, na mwisho hupoteza fahamu. Tayari mwaka 1902 Aldo Castellani, akiwa Entebbe, alikuwa ameviona vimelea hivyo katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa.

Koch alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Sese. Wagonjwa walimiminika kutoka visiwani na bara, na zaidi ya elfu moja walitibiwa. Dawa aliyoitegemea ilikuwa Atoxyl, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Baada ya sindano alichunguza tezi na damu ya wagonjwa, akaona vimelea vimetoweka. Kwa mtu aliyejenga sifa yake yote kwa kuvitafuta vijidudu kwenye hadubini, kutoweka huko kulikuwa dalili ya ushindi. Taarifa alizopeleka Berlin zilijaa matumaini.

Matumaini hayo hayakudumu. Vimelea vilirudi, na wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeshawafika ubongoni waliendelea kudhoofika. Koch aliongeza dozi kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Maumivu yalizidi, na baadhi ya wagonjwa waliikimbia kambi. Kisha likatokea jambo ambalo halikuweza kurekebishwa: zaidi ya watu ishirini walipofuka, wasione tena maisha yao yote. Aseniki ilikuwa imeharibu neva ya jicho, ambayo kwa maumbile ni sehemu ya ubongo wenyewe. Dozi kubwa ikasitishwa, lakini Atoxyl iliendelea kutumika.

Ni haki kusema kwamba Koch hakuwa peke yake. Madaktari wa Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji walitumia dawa hiyo hiyo katika makoloni yao, na bila tiba malale ilimaanisha kifo. Lakini ni haki pia kusema kwamba watu wa Sese walipewa dozi ambazo zilikuwa bado zinajaribiwa, katika zama ambazo ridhaa ya Mwafrika mgonjwa haikuhesabiwa kuwa sharti. Majina ya waliopofuka hayakuingia katika vitabu vya sifa.

Koch alishauri wagonjwa watengwe kwenye kambi, vichaka vya kando ya ziwa vifyekwe, na hata mamba waangamizwe kwa kuwa aliamini damu yao huwalisha mbung'o. Baada ya kuondoka kwake mwaka 1907, serikali ya kikoloni ilijenga kambi za wagonjwa kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Kwa wenyeji wengi kambi hizo zilifanana zaidi na vifungo kuliko hospitali.

Ukuta ambao hakuupita

Jibu la sehemu ya fumbo lilikuwa karibu naye kuliko alivyodhani. Paul Ehrlich, aliyefanya kazi pamoja na Koch mjini Berlin, alikuwa ameona mwaka 1885 kwamba rangi fulani ikiingizwa kwenye damu ya mnyama hupaka karibu viungo vyote, isipokuwa ubongo. Hakuitafsiri hivyo wakati ule, lakini leo tunajua sababu: mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta unaochuja kwa ukali kinachoingia. Ukuta huo huulinda ubongo dhidi ya sumu nyingi. Mara vimelea vya malale vikishauvuka, ukuta huo huo huvilinda dhidi ya dawa nyingi.

Fumbo la pili lilihusu vimelea vyenyewe. Kila kimelea cha malale hujivika koti la protini. Kina akiba ya jeni zipatazo 2,000 za kutengeneza makoti hayo, lakini huwasha moja tu kwa wakati. Kinga ya mwili inapoanza kulitambua koti moja, baadhi ya vimelea huwa vimeshabadili. Ndiyo maana damu inaweza kuonekana safi leo na kujaa vimelea baada ya siku chache.

Fumbo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu zaidi: kwa nini usingizi? Kulijibu kulihitaji elimu ambayo haikuwapo Koch alipokuwa hai. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina jeni zile zile. Kinachoitofautisha seli ya ini na seli ya ubongo ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Allen mjini Seattle, Marekani, walikamilisha ramani ya ubongo wa panya inayoonyesha mahali ambapo kila moja ya jeni zipatazo 20,000 hufanya kazi. Iligundulika kuwa takriban asilimia 80 ya jeni hizo huwashwa mahali fulani katika ubongo. Kwa maneno mengine, ugonjwa unaoingia ubongoni huingia katika mtambo wenye swichi nyingi kupita kiasi.

Baadhi ya swichi hizo ni za saa. Chini ya ubongo wa binadamu na wanyama wengine wanaonyonyesha kipo kifungu kidogo cha seli ambacho jeni zake huwaka na kuzimika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Ndicho kinachouambia mwili sasa ni mchana, sasa ni usiku. Mwaka 2018 watafiti wa Ureno na Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa panya walioambukizwa vimelea vya malale. Panya, ambao kwa kawaida hulala mchana, walianza kuhangaika katika saa zao za usingizi. Jeni za saa zilikuwa zimeharakishwa, zikimaliza mzunguko wao kabla ya wakati. Mwili wa mgonjwa wa malale haujachoka tu. Saa yake imepotea.

Hilo linaeleza kile ambacho ndugu za wagonjwa wa Sese walikiona kwa macho yao zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mtu anayesinzia akiwa na tonge mkononi mchana na kukesha usiku. Koch alihesabu vimelea, lakini madhara yalikuwa yakitokea kwenye swichi ambazo hakuna hadubini ya wakati wake ingeweza kuzionyesha.

Tanga baada ya Koch

Mkoa wa Tanga haukuachana na mbung'o baada ya Wajerumani kuondoka. Mjini Tanga ilijengwa taasisi ya utafiti wa mbung'o na ugonjwa wa nagana, na humo mbung'o walifugwa kwa mamia ya maelfu. Madume yalifanywa tasa kwa mionzi na kusafirishwa kwa ndege hadi Unguja, ambako yaliachiwa porini. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, na likikutana na dume tasa halizai. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 yaliachiwa, na Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Nagana iliyokuwa ikiua ng'ombe wa kisiwa hicho ikatoweka. Hakuna mamba aliyeuawa na hakuna mtu aliyefungiwa kambini.

Tiba nayo imebadilika. Kwa miongo mingi madaktari waliendelea kutegemea dawa za aseniki kwa malale iliyofika ubongoni, na moja ya dawa hizo iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila ishirini waliotibiwa. Kuanzia mwaka 2018 imepatikana dawa ya vidonge, fexinidazole, inayoweza kuuvuka ukuta wa ubongo. Mwaka 2023 iliidhinishwa pia kwa aina ya malale inayopatikana Tanzania.

Mwisho wa safari

Robert Koch alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi inayobeba jina lake mjini Berlin. Dunia ililisikia jina hilo karibu kila siku mwaka 2020, taasisi hiyo ilipokuwa ikitoa takwimu za ugonjwa wa Covid-19 nchini Ujerumani. Wakati huo huo ulizuka mjadala kama ni sawa kuendelea kumuenzi bila kutaja yaliyotokea Sese.

Kumfuta katika historia hakutasaidia. Mamilioni wako hai kwa sababu alitambua chanzo cha kifua kikuu na cha kipindupindu. Lakini kumsimulia nusu nako ni kuwadhulumu waliopoteza macho yao ili sayansi ijifunze kiwango cha dozi.

Jina la Amani limebaki kwenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilichoko Muheza. Ni NIMR hiyo hiyo ambayo kamati yake ya maadili hupitia mipango ya tafiti za afya nchini kabla mgonjwa yeyote hajaguswa. Leo mtafiti anayetaka kumchoma sindano mwanakijiji wa Muheza hulazimika kwanza kumweleza anachokifanya, hatari zake, na haki yake ya kukataa. Mgonjwa akisema hapana, mtafiti huondoka na sindano yake. Watu wa Bugala hawakuwa na nafasi hiyo.